Mafundi rangi, acheni kutuharibia boti za faiba!

Wakuu, naandika hili kwa hasira. Boti inatoka kwa fundi ubavu uking'aa, baada ya miezi michache imefifia na rangi inabanduka vipande vipande. Mwenye boti akiuliza anajibiwa, "rangi za siku hizi feki." Si kweli! Mara nyingi kazi ilishaharibika kabla kopo halijafunguliwa.

Kwanza nta. Jelikoti, lile tabaka gumu la nje la faiba, imepakwa polishi zenye nta na silikoni miaka mingi, halafu fundi anaanza na msasa. Msasa hauondoi nta, unaisukuma ndani ya mikwaruzo. Rangi ikija juu yake inakimbia na kuacha vishimo vya duara, na kuongeza koti (tabaka jingine la rangi) hakuvifuti. Osha kwa sabuni, suuza, kisha futa kwa dawa ya kuondoa nta kwa vitambaa viwili: kimoja kinapaka, kingine kikavu kinafuta kabla dawa haijakauka. Badilisha vitambaa kila mara. Halafu mwagia maji safi. Yakitandaa, piga msasa. Yakijikusanya matone, rudia.

Puti ya magari, ile ya kuzibia mashimo, inapachikwa hadi chini ya mstari wa maji! Ile inanyonya maji. Huko weka puti ya epoksi tu.

Juu yake praima (rangi ya msingi) ya epoksi, koti mbili, isuguliwe kwa msasa uliofungwa kwenye ubao mrefu, namba 220 kisha 320 au 400. Ukisugua kwa vidole unachimba mabonde, na rangi inayong'aa itayaonyesha yote. Wengine wanakwenda mpaka 1000 wakidhani ndio ulaini; rangi inakosa pa kushika.

Linaloniudhi kuliko yote ni thina. Rangi ya polyurethane ya makopo mawili inakomazwa na hadina, yaani kigumishi cha kopo la pili, yenye kemikali ya isosianati, na fundi anaizimua kwa thina ya NC, ile ya rangi za nitroselulosi, kwa sababu ni ya bei rahisi. Thina hiyo huwa na alkoholi, na alkoholi inaila hadina. Rangi inabaki laini, mng'ao unakufa. Nunua thina iliyoandikwa kwenye kopo, na hadina ipimwe kwa kikombe chenye alama, si kwa jicho!

Maji nayo yanaila hadina vilevile. Pwani yetu ina unyevu mwingi, kwa hiyo paka kivulini, anza umande ukishakauka kabisa na uache mapema alasiri, koti iwahi kukauka kabla umande wa jioni haujashuka. Ubavu uliopigwa na jua usiuguse: rangi inakauka juu kabla ya kujilaza, mistari ya brashi inabaki.

Kwa rola wawe watu wawili. Mmoja anapaka kwa rola ya sponji nyembamba kipande cha nusu mita hivi, mwenzake anapitisha ncha ya brashi kwa wepesi, mara moja, wakiwahi ukingo wa kipande kilichopita ukiwa mbichi. Asirudi nyuma. Koti nyembamba mbili au tatu, nene inachuruzika.

Na nyie mnaopuliza polyurethane mmejifunga kitambaa puani, isosianati inaweza kuleta pumu isiyopona. Inatakiwa barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba la mpira. Kama hamna, tumieni rola.

Mwenye boti, usilipe senti kabla hujayaona yale maji yakimwagwa ubavuni.