Mfungwa kufyeka barabarani sawa, kumzika mama yake hapana?

Wadau habari za jioni, hili naomba tulijadili bila matusi maana juzi kwenye kahawa nusura watu wachaniane mashati.

Iko hivi, mwezi uliopita bi mkubwa mmoja hapa mtaani kafariki, ana vijana watatu na wa mwisho yuko ndani, kala miaka mitano kwa kuvunja duka. Kaka yake kapanda boda asubuhi mpaka gerezani kupeleka taarifa, kaambiwa poleni sana tutamfikishia, basi. Alasiri tukaenda kuzika, ulipofika wakati wa watoto kuingia kaburini kumpokea mama yao wakaingia wawili, shehe akawa anaangalia juu anasema bado mmoja, kimya, mwisho akashuka mjukuu mmoja wa form two. Mi hapo ndo niliishiwa nguvu.

Sasa wiki hiyohiyo naenda zangu shamba nawakuta wafungwa na zile nguo za chungwa wanafyeka majani, kama kumi hivi, askari mmoja yuko chini ya mwembe na bunduki yake. Kwa hiyo kutoka nje wanatoka, ila kwa kazi. Kifungo cha nje kipo, parole (kutolewa mapema kwa masharti) ina sheria yake tangu 1994, na Rais anaweza kumtoa hata wa maisha, si tuliona Disemba 9, 2017 wale wanamuziki Babu Seya na mwanae Papii Kocha, waliokuwa na kifungo cha maisha, wanaachiwa? Wa maisha kaenda zake jumla, wa miaka mitano anakosa masaa manne ya kuzika tena na askari wawili ubavuni.

Najua mtaniletea Marekani. Sawa, Massachusetts walianza likizo za wafungwa 1972, Willie Horton mwenye kifungo cha maisha kwa mauaji akapewa wikiendi 1986 hakurudi, mwaka uliofuata akavamia nyumba ya watu kule Maryland, akabaka dada wa watu na kumjeruhi mchumba wa huyo dada kwa kisu, na Dukakis aliyekuwa gavana likamtafuna kwenye uchaguzi wa urais wa 1988. Ila jamani yule hakuwa na tarehe ya kutoka! Unampa wikiendi bila askari unategemea nini? Dogo wa kwetu kabakiza mwaka na nusu, akikimbia anajiongezea mwenyewe.

Uingereza kuna wanaokaribia kumaliza wanaenda kazini asubuhi jioni wanarudi gerezani, na wakipata zaidi ya pauni 20 kwa wiki ile ziada inaweza kukatwa mpaka 40% kusaidia waathirika. Mwenye duka wetu hapa kapata nini zaidi ya kupigwa kalenda mahakamani?

Kinachonitisha mimi sio kutoroka, ni India. Gurmeet Ram Rahim, kiongozi wa dini aliyepigwa miaka 20 kwa ubakaji mwaka 2017, katolewa kwa muda mara kibao na mara nyingi uchaguzi uko jirani. Tukileta huku si kigogo atakuwa na msiba kila ijumaa, babu yake anakufa mara tatu, halafu mtoto wa bi mkubwa anaambiwa fomu zimeisha.

Ndo maana nasema kibali cha mfungwa kwenda kuzika asisaini mkuu wa gereza, asaini hakimu wa karibu, jina libandikwe kwa mtendaji kila mtu alisome, na aliyeibiwa aambiwe kabla asije kugongana naye sokoni. Iwe mzazi, mke au mume na mtoto tu, mambo ya shangazi tuyaache. Nauli na posho ya askari hapo ndo nakwama, maana tukisema familia ilipe tumerudi kulekule kwa mwenye nacho, mwenye wazo aseme.

Kaka mtu alienda kumwona jumapili iliyofuata. Anasema dogo hakuuliza ugonjwa wala nini, kauliza tu nani aliingia kaburini.