Mnaomsifia John Crosbie kwa utani, samaki wa Newfoundland walimalizwa na nani?

Wakuu, nimechoka. Kila likitajwa jina la Crosbie, yule waziri wa zamani wa Kanada aliyetoka jimbo la Newfoundland, watu wanaanza kucheka: oh, alikuwa na mdomo, wanasiasa wa siku hizi hawana chumvi. Mdomo alikuwa nao, sikatai. Muulizeni Sheila Copps, mbunge wa upinzani, aliyeambiwa bungeni mwaka 1985 atulie, tena akaitwa "bebi". Ila mimi leo nazungumzia samaki.

Huyu bwana kazaliwa St. John's, mjukuu wa tajiri wa biashara ya samaki. Septemba 1984 akaingia baraza la mawaziri la Waziri Mkuu Mulroney: Sheria, Uchukuzi, Biashara ya Kimataifa, na 1991 akakabidhiwa Uvuvi. Muda wote huo ndiye mkubwa wa Newfoundland kule Ottawa, makao makuu ya nchi. Kwa hiyo asinijie mtu hapa na hadithi kwamba alikuta mambo yameshaharibika.

Samaki mwenyewe ni kodi, yaani "cod" kwa Kiingereza (siyo hii tunayokatwa kwenye mshahara). Wavuvi wadogo wa pwani walipiga kelele miaka ya 80: samaki hawaji tena kama zamani, wanaokuja ni vidagaa, na meli kubwa huko nje zinakokota nyavu mpaka kwenye mazalia. Nani aliwasikiliza? Mwaka 1989 wanasayansi wa serikali hiyohiyo wakakiri hesabu zao zilikuwa zimezidisha samaki, wakashauri zivuliwe tani 125,000. Serikali ikapitisha 235,000. Karibu mara mbili ya ushauri! Na Crosbie yumo barazani.

Halafu 1 Julai 1992 anakwenda Bay Bulls, kijiji cha wavuvi huko Newfoundland, wavuvi wamemzingira wanafoka, naye anawajibu kwa ukali kwamba siye aliyewatoa samaki majini. Kesho yake anatangaza kufunga uvuvi. Watu wapatao 30,000 kazi hakuna. Fidia ya kuanzia? Dola 225 kwa wiki! Mtu ana boti ya mkopo na watoto. Wavuvi wakataka kuvunja mlango wa chumba cha hoteli alimokuwa akizungumza na waandishi. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Baadaye fidia ikaongezwa.

Najua watakuja wa "lakini alithubutu kufunga". Kweli, ilibidi afunge, na yuko waziri ambaye angepiga chenga mpaka uchaguzi upite. Sasa kutia kufuli ghala lililokwisha kuwa tupu ndiyo ushujaa wa kuimbiwa?

Alisema miaka 2. Marufuku imekuja kuondolewa 2024, mwenyewe kafariki 2020, na katikati hapo akapewa hadi cheo cha kumwakilisha Malkia jimboni. Mgao ulioruhusiwa mwaka huo wa 2024, baada ya miaka 32, ulikuwa tani 18,000. Mwenye utani wa Crosbie aulete, ila aanze kunieleza kutoka 235,000 tumefikaje hapo.