Video za harusi kwa TV ya mama, sauti iko picha hakuna

nyota_kondele
Habari zenu wadau. Niko Kisumu, nina video za harusi ya kakangu, zingine zilichukuliwa na iPhone ziko MOV na ingine moja ndefu kameramani alitupea ikiwa MKV. Mama yuko huko Ugunja, hana simu ya kuangalia video, yeye anataka tu flashi ichomekwe kwa TV aone kijana wake akioa. Sasa hizi za iPhone zikiwekwa kwa TV sauti inatoka lakini picha hakuna, na hiyo MKV hata kuingia kwa flashi imekataa, inasema faili ni kubwa sana na flashi ni ya 16GB na haina kitu! Laptopu niko nayo ya Windows, ya zamani kidogo. Nikonvati na nini bila picha kuharibika? Jumamosi naenda nyumbani.

otis_bgm
Badilisha tu jina dada, pale mwisho toa .MOV uandike .mp4, itashika

fundi_naks
Otis apana, hiyo haitamsaidia. MOV, MP4, MKV ni kama gunia tu, ukiandika mahindi kwa gunia la maharagwe ndani bado ni maharagwe. Kinachosumbua TV ni kodeki, yaani vile picha yenyewe imekazwa. iPhone tangu iOS 11 ya 2017 zinaweza kurekodi kwa HEVC, ndio hiyo H.265, na TV nyingi za zamani zinajua H.264 peke yake. Sauti inatoka juu sauti ni AAC na hiyo TV inaijua.

Dada, kabla ukonvati chochote fungua faili na VLC (programu ya kucheza video) ubonyeze Ctrl na J, itakuonyesha kodeki. Ukiona HEVC pakua HandBrake, programu ya kukonvati, ni ya bure, kwa preset chagua Fast 1080p30, hapo kwa video hakikisha imeandikwa H.264, RF (namba ya ubora) iache 22 ama ushukishe 20 ukitaka picha safi zaidi (namba ikishuka ubora unapanda na faili inanenepa). Laptopu ya zamani itachukua masaa kwa hivyo anza jioni uiwache kwa chaja. Na tafadhali zile MOV usizifute, kila ukikonvati kuna kitu kidogo kinapotea na hakirudi, harusi hairudiwi.

chebet254
Kwani si kuna zile websaiti unapandisha video inabadilishwa huko huko? Hakuna haja ya kuinstoo programu

fundi_naks
Ziko, lakini hebu fikiria bando la kupandisha video ya harusi nzima halafu uishukishe tena, na nyuso za familia zimebaki kwa kompyuta ya mtu humjui. Kwa klipu fupi ya mchezo sawa, kwa harusi mimi siwezi.

nyota_kondele
Asanteni sana. Nimeangalia na VLC, za iPhone ni HEVC kweli, moja nimeshaipitisha HandBrake na jirani ameiweka kwa TV yake inacheza vizuri. Ile MKV inaonyesha H.264 na sauti ni AAC, ni 5.8GB, hiyo nayo nifanyeje?

mwalimu_kkmg
Hiyo dada usiikonvati, ndani iko sawa. Shida ni flashi, imefomatiwa FAT32 (mpangilio wa zamani wa kuweka faili) na FAT32 haibebi faili moja inayofika 4GB hata kama nafasi iko tele. Ungeifomati exFAT (mpangilio mpya zaidi) lakini TV nyingi za zamani haziisomi, so igawanye mara mbili na FFmpeg, programu ya bure ya kuandikia amri:

ffmpeg -i harusi.mkv -t 01:30:00 -c copy sehemu1.mp4
ffmpeg -ss 01:30:00 -i harusi.mkv -c copy sehemu2.mp4

Hiyo "copy" inamaanisha picha haiguswi, inahamishwa tu kwa gunia lingine, kwa hivyo ni dakika chache hata kwa laptopu yako. Hiyo 01:30:00 weka saa yako mwenyewe, tafuta pale kanisani panaisha watu wanaenda kwa karamu ukate hapo, mama asikatiziwe maombi katikati, na uangalie kila kipande kisifike 4GB. Halafu jaribu sehemu zote mbili kwa TV ya jirani kabla ya Jumamosi.

nyota_kondele
Mwalimu nimeshukuru, kanisani panaisha saa moja na dakika 52, nakata hapo sasa hivi.

fundi_naks
Na mwambie mwenye iPhone aende Settings, Camera, Formats, aweke Most Compatible kabla ya sherehe ingine, video zitatoka H.264 moja kwa moja.