Kwa nini dhoruba ya theluji iliua wengi katika mji uliozoea theluji?

Swali
Ndugu zangu, mji wa Buffalo, katika jimbo la New York nchini Marekani, hupata theluji nyingi kila mwaka na una mitambo ya kuiondoa. Ilikuwaje basi dhoruba ya Desemba 2022 ikaua watu zaidi ya 40 mjini humo na katika vitongoji vyake?

Jibu la 1
Ndugu muulizaji, wingi wa theluji haukuwa tatizo pekee. Upepo ndio uliovuruga kila kitu. Ulivuma kwa vishindo vilivyozidi kilomita 110 kwa saa, ukaipeperusha theluji hata dereva asiweze kuona boneti ya gari lake mwenyewe, na hali hiyo ikaendelea kwa zaidi ya siku nzima. Magari ya zimamoto na ya wagonjwa nayo yalikwama, hivyo wengi waliopiga simu kuomba msaada hawakufikiwa. Wapo waliofia ndani ya magari, wengine katika nyumba zilizokatikiwa umeme, na wengine moyo uliwasimama wakizoa theluji kwa koleo.

Jibu la 2
Naongezea kwamba amri ya kuzuia magari barabarani ilitolewa asubuhi ya tarehe 23, wakati wengi walikuwa wamekwisha kwenda kazini. Kwangu mimi, kuchelewa huko kulidhuru kuliko uhaba wowote wa mitambo.

Muulizaji
Je, aliyekwama garini aiache injini ikiunguruma apate joto?

Jibu la 1
Kwa vipindi vifupi tu, baada ya kufukua bomba la moshi. Likizibwa na theluji, hewa ya sumu isiyo na harufu hurudi ndani.