Mjadala: Mapro wa gofu wacheze kwenye viwanja vya mashimo tisa?

Mwanzisha mada, Nakuru: Msimu wa mapro, yaani wachezaji wa kulipwa, ukipangwa, je, viwanja vya mashimo tisa kama Njoro na Nandi Bears vipewe mashindano, au vibaki vya wanachama? Mimi nasema vipewe. Pro Dismas Indiza alitokea Mumias, si Nairobi. Kedi wa huku, mbeba mikoba ya wachezaji, hana nauli ya kufuata mapro kila wiki.

Mpanga ratiba, Kisumu: Tupige hesabu kwanza, kaka. Wachezaji 60, watatu watatu, ni makundi 20. Penye mashimo 18 nusu yao huanzia shimo la kwanza na nusu la kumi. Kwa mwachano wa dakika 11, makundi ya mwisho yanaondoka dakika ya 99. Penye tisa, uwanja huzungukwa mara mbili, kwa hiyo la kumi ndilo lilelile la kwanza. Kundi la mwanzo linarudi kwenye tii, pale pa kuanzia kupiga, baada ya saa mbili na dakika kumi hivi, na lazima likute njia wazi. Makundi 12 yanaingia kwa kubanana: la mwisho linaondoka dakika ya 121, zinabaki dakika tisa tu. Mpira ukipotea, kuutafuta kunaruhusiwa dakika tatu. Ipotee mitatu na foleni imeziba. Weka makundi 11. Watu 33, basi.

Mtunza nyasi, Kericho: Na griini, zile nyasi fupi zenye shimo, je? Watu 33 kupita mara mbili ni 66 kwa siku, bila kuhesabu kedi. Nakuru wakicheza 60, kila griini inakanyagwa na 60. Tofauti si kubwa kama watu wanavyodhani. Tatizo ni pale kwenye shimo: ukingo unachakaa, na kufikia mchana mpira unaopigwa kutoka futi tatu unaanza kukwepa. Shimo nalo halihamishwi katikati ya raundi, kwa kuwa wote wacheze lengo moja. Dawa ni kukata mashimo mawili kwa kila griini, bendera za rangi mbili, moja ya mzunguko wa kwanza na nyingine ya wa pili. Lakini shimo linatakiwa liwe angalau hatua nne kutoka ukingoni, na griini nyingi za zamani ni ndogo. Ukiondoa pale penye mteremko, mahali pa kuweka mawili kwa siku tatu za mashindano panakwisha.

Jambo jingine: kamati zikisikia mapro wanakuja, zinataka kisu cha mashine ya nyasi kishushwe chini ya milimita 4 wiki hiyohiyo. Nyasi zilizozoea kukatwa juu zaidi zitachunika. Ukitaka kasi pitisha roli, kisu kiache. Kishushwe kidogo kidogo kuanzia mwezi mmoja kabla.

Kedi, Nakuru: Napinga, kwa ajili ya pointi. Aliyewashinda 32 hawezi kulipwa sawa na aliyewashinda 59, hasa pointi zikiwa ndizo zinazoamua nani apewe nafasi Kenya Open, ambayo tangu 2019 iko kwenye ziara kuu ya Ulaya. Na hao 33 mtawachagua vipi?

Mwanzisha mada: Hapo umenishika. Basi pointi zipunguzwe kulingana na idadi, ichezwe raundi tatu bila kuwaondoa wa chini katikati, na wachukuliwe 33 wa juu kwenye msimamo wa msimu.

Kedi, Nakuru: Wa juu tena! Chipukizi wa Kakamega ataingilia wapi?

Mpanga ratiba, Kisumu: Kati ya hizo 33, acheni nafasi sita za mchujo wa Jumatatu. Na kuna faida hamjaitaja. Mkianza saa moja asubuhi, kundi la 11 linaondoka saa tatu kasoro dakika kumi na kumaliza kama saa saba na nusu. Ngurumo za huku, hasa Nandi, hupenda alasiri. King'ora cha radi kikilia mchezo unasimama palepale, hata mpira ukiwa inchi sita kutoka shimoni.

Mtunza nyasi, Kericho: Sawa. Sasa waambieni wanachama kwamba uwanja wao umefungwa kuanzia Jumatatu, halafu mje na majibu yao.