Kupima ustawi wa watu mbali na kipato: maswali gani yaingie kwenye dodoso?

Mtafiti_Kata:
Wakuu, heshima kwenu. Tunaandaa utafiti wa kaya 400 katika wilaya moja ya vijijini, na baada ya mwaka tutarudi kupima mabadiliko. Kipato, mifugo na mashamba tayari vimo kwenye dodoso. Sasa tunataka kujua watu wenyewe wanayaonaje maisha yao. Mwenzetu anashauri tuchukue vigezo sita vya Ripoti ya Furaha Duniani (pato kwa kila mtu, msaada wa jamaa na marafiki, umri wa kuishi kwa afya, uhuru, ukarimu, rushwa) tuvijumlishe kupata alama ya kaya. Ndiyo njia sahihi?

Mizani:
Hapana mkuu, msijumlishe. Hivyo vigezo sita havitengenezi alama hata kidogo. Nafasi ya nchi kwenye ripoti hiyo, iliyoanza mwaka 2012, hutokana na swali moja tu, linaloulizwa na Gallup, kampuni ya kura za maoni, kwa watu kama 1,000 kila nchi kwa mwaka, kisha huchukuliwa wastani wa miaka mitatu. Vigezo sita huja baadaye, kusaidia kueleza kwa nini nchi zinatofautiana.

Swali lenyewe ni ngazi ya mtafiti Hadley Cantril, ya mwaka 1965. Lisomwe hivi: "Fikiria ngazi yenye vipandio kuanzia 0 chini hadi 10 juu. Cha juu kabisa ni maisha bora kuliko yote unayoweza kuyapata wewe. Cha chini kabisa ni mabaya kuliko yote. Kwa sasa unajiona umesimama kipandio cha ngapi?" Mchoreeni mhojiwa ngazi kwenye kadi aoneshe kwa kidole.

Swali hili litangulie, kabla ya kipato, madeni, magonjwa na siasa. Nchini Marekani, Gallup ilipoanza na maswali ya siasa, majibu ya ngazi yalishuka kwa kiasi kikubwa ingawa maisha ya watu yalikuwa yale yale.

Halafu ongezeni hisia za jana. Ofisi ya takwimu ya Uingereza tangu 2011 huuliza, kwa 0 hadi 10, jana ulikuwa na furaha kiasi gani, na wasiwasi kiasi gani. Msizichanganye na ngazi kwenye wastani mmoja, maana haziendi pamoja. Watafiti Kahneman na Deaton mwaka 2010 walikuta, huko Marekani, ngazi inaendelea kupanda na kipato, ila hisia za kila siku zinasimama kwenye dola 75,000 kwa mwaka. Mwaka 2023 Kahneman na Killingsworth walirekebisha: kwa wengi hisia nazo huendelea kupanda, na kusimama kule kunawahusu wale wenye furaha ndogo kuliko wengine. Mngekuwa na alama moja tu, tofauti ya namna hii isingeonekana kabisa.

Kokotoa:
Naongezea upande wa hesabu, maana hapa ndipo tafiti nyingi huharibika.

Mkuu wa kaya anaweza kuwajibia wengine idadi ya ng'ombe na ekari. Ngazi ya mkewe hawezi kuijibu. Chagueni kwa bahati nasibu mtu mzima mmoja kila kaya, mmhoji faraghani, na mwakani mrudi kwa mtu yule yule.

Majibu ya ngazi mara nyingi hutawanyika kama vipandio 2 kutoka kwenye wastani. Kwa watu 400, wastani unaweza kukosea kwa ±0.2. Mkilinganisha miaka miwili kwa watu tofauti, inakuwa ±0.28, na kwa kuwa mtahoji wengi kitongoji kimoja, ambao hufanana, inaweza kufika ±0.4. Kwa hiyo kupanda kutoka 4.5 hadi 4.7 hakuthibitishi kitu. Kurudi kwa watu wale wale hupunguza kosa hilo sana.

"Sijui" ikiandikwa 99, iondoeni kabla ya kukokotoa. Wastani ukiwa 4.5, watu wanne tu wenye 99 kati ya 400 wanaupandisha hadi 5.45!

Mkilinganisha ngazi na kipato, tumieni logi (logarithm) ya kipato, yaani mtazame kipato kimeongezeka mara ngapi, si kwa shilingi ngapi. Kutoka shilingi 100,000 hadi 200,000 hubadilisha maisha karibu sawa na kutoka milioni 1 hadi milioni 2.

Mtafiti_Kata:
Nashukuru sana wakuu. Na tukitaka alama moja ya mambo mengi, kama nchi ya Bhutan inavyopima furaha ya taifa lake?

Mizani:
Inawezekana, lakini hesabu yao si ya kujumlisha tu. Wana nyanja 9 na viashiria 33, kila kiashiria na kiwango chake cha kutosheka. Aliyetosheka katika angalau asilimia 66 ya viashiria, kwa kufuata uzito wake, anahesabiwa mwenye furaha. Mwaka 2010 hao walikuwa asilimia 40.9. Waliobaki, asilimia 59.1, walitosheka kwa wastani katika asilimia 56.6. Basi alama ya nchi ni: 0.409 + (0.591 × 0.566) = takriban 0.74.

Uzuri wake ni kwamba unaweza kuifungua alama ukaona kinachokosekana kwa wale asilimia 59.1: usingizi, elimu, muda, au nini. Ila viwango mviweke kabla hamjaona data, na ngazi ibaki peke yake pembeni.