Kope zinazojifunga zenyewe: nampaje mgonjwa alama za ukali?

TabibuMacho
Habari zenu wakuu. Niko kliniki ya macho ngazi ya wilaya. Tunapokea wagonjwa, wengi akina mama waliovuka miaka 50, ambao kope za macho yote mawili zinajifunga bila wao kutaka. Kwenye faili tunaandika "kidogo", "wastani" au "kali", na kila mwandishi ana "kali" yake. Miezi mitatu baadaye huwezi kujua kama sindano ya Botox (sumu inayolegeza misuli) ilisaidia. Naomba njia ya kutoa alama isiyohitaji mashine. Na jambo la pili: mgonjwa analetwa kwa kushikwa mkono, ila akishaketi mbele yangu na kuanza kuongea, macho yanafunguka vizuri tu. Hapo niandike nini?

NeuroPwani
Mkuu, kabla ya alama hakikisha unapima kitu chenyewe. Jicho linalocheza upande mmoja, kope ya chini, kwa mtu mwenye uchovu au anayekunywa kahawa nyingi, huo ni mtetemo mdogo wa msuli na huisha wenyewe baada ya siku au wiki kadhaa. Upande mmoja ukivutika pamoja na shavu na pembe ya mdomo, fikiria neva ya uso. Hiyo huendelea hata usingizini. Blefarospasimu, yaani kope kujifunga zenyewe kama unavyoeleza, ni ya macho mawili, na mtu akilala inatulia. Geuza kope uangalie: nywele zilizogeukia ndani kwa sababu ya vikope (trakoma), uvimbe wa kingo, macho makavu. Kijikaratasi cha Schirmer cha kupima machozi kikilowa chini ya mm 5 kwa dakika 5, tibu ukavu kwanza. Uliza pia kama anatumia haloperidol au metoclopramide, dawa zinazoweza kuleta mikazo kama hii.

Kisha tumia kipimo cha Jankovic. Kina sehemu mbili, kila moja 0 hadi 4.

Ukali: 0 hakuna kitu. 1 anapepesa zaidi pale tu panapokuwa na kichocheo kama mwanga mkali, upepo au kusoma. 2 kope zinatetema zenyewe, watu wanaona, ila hazimzuii shughuli. 3 kope zinabana kweli, waziwazi, na zinamkwamisha kiasi. 4 zinabana hadi anashindwa shughuli zake, pengine na misuli mingine ya uso imeingia.

Mara ngapi: 0 hakuna. 1 kupepesa kumeongezeka kidogo. 2 kutetema kusikofika sekunde 1. 3 kubana kunakozidi sekunde 1, lakini macho yako wazi zaidi ya nusu ya muda ambao hajalala. 4 yamefungwa zaidi ya nusu ya muda huo; huyo ni kama kipofu ingawa macho yake yanaona.

Andika "3+4", usiandike "7" peke yake. Jumla inaficha ni kipi kilichobadilika.

Dada_Optometria
Kuhusu kufunguka mbele yako: hiyo ni tabia ya ugonjwa, tafadhali msimwone mgonjwa mwigizaji. Kuongea, kuimba, kutafuna au kugusa pembeni ya nyusi hutuliza kope kwa wengi wao. Ukimpima huku unamhoji, unapima wakati kitu kinachozituliza kope kinafanya kazi.

Ninavyoshauri: simu kwenye stendi, mita 1, usawa wa macho, uso wote uonekane, miwani ya jua ivuliwe. Dakika 2 atazame mbele kimya, na wewe pia nyamaza. Dakika 1 ya mazungumzo. Asome kwa sauti, aandike mistari miwili. Afumbe taratibu afungue, mara tatu. Halafu akaze macho kwa nguvu afungue, mara tatu. Mwisho mulika tochi. Baadaye tazama zile dakika 2 za kimya, hesabu mapepeso na jumlisha sekunde ambazo macho yalifungwa. Mtu asiye na tatizo hupepesa kama mara 15 hadi 20 kwa dakika akiwa ametulia, na akisoma hupungua.

Lile swali la "nusu ya muda" halijibiwi na video. Muulize mgonjwa na anayeishi naye, kila mmoja kwa nafasi yake, siku ya kawaida inavyokwenda tangu asubuhi.

NeuroPwani
Naongeza: Jankovic inaeleza kope, haielezi maisha. Kwa maisha kuna maswali sita: kuendesha gari, kusoma, kutazama televisheni, kwenda sokoni, kutembea kwa miguu, kazi za kila siku. Kila moja 0 (hakuna shida) hadi 4 (hawezi tena kwa sababu ya ugonjwa huu). Makosa hutokea hapa: mama ambaye hajawahi kuendesha gari anapewa 0 au 4. Hapana, swali hilo linaachwa. Akijibu manne na jumla ni 9, gawa kwa 4 upate 2.25. Ukigawa kwa 6 unapata 1.5, na umempunguzia mateso kwenye karatasi.

TabibuMacho
Asanteni sana. Je, akirudi wiki mbili baada ya sindano akisema ndiyo kwanza macho hayafunguki kabisa?

Dada_Optometria
Tazama nyusi. Zikiwa zimeshuka chini ya ukingo wa mfupa na ngozi imekunjamana, ni kope bado zinabana. Dozi au sehemu za kuchoma hazikutosha. Nyusi zikiwa zimepanda, paji limekunjika, na kope zimelala bila kukazwa, kuna mambo mawili. Kama kope ya juu imening'inia muda wote, sumu imefika kwenye msuli wa kuinua kope, mara nyingi kwa sababu sindano iliingia katikati ya kope ya juu. Pima kutoka kwenye mng'ao wa tochi katikati ya mboni hadi ukingo wa kope: kawaida ni kama mm 4. Hiyo huondoka baada ya wiki kadhaa. Lakini kama anashindwa kuanza kufungua, na akishafungua kope inakaa juu vizuri, ni amri ya kufungua inayokwama, na kuongeza sindano palepale huenda kusimsaidie.

Mkanganyiko huu ndio unaoharibu alama nyingi. Andika kope iliyoning'inia kwenye mstari wake, nje ya Jankovic. Pima siku ya sindano kabla ya kuchoma, wiki ya 2 hadi 4, na karibu wiki ya 12 nguvu inapoisha. Saa ileile ya siku ikiwezekana. Pembeni andika jina la dawa na yuniti kwa kila sehemu, kwa sababu yuniti za Botox na za Dysport (chapa nyingine ya sumu hiyo) hazilingani.